Kilishio cha Ndege Mlichotengeneza na Watoto Kina Kasoro Gani? Dalili, Sababu na Marekebisho

Kilishio cha ndege ni chombo kidogo cha nafaka kinachotundikwa mtini au pembeni ya baraza ili ndege wa porini waje kula. Kukitengeneza si kazi kubwa: chupa tupu ya maji ya lita 1.5 na vijiti viwili, au kifuu cha nazi na kamba tatu, humalizika kabla ya adhuhuri ikiwa watoto wameanza baada ya kunywa chai. Shida huanza siku ya pili, pale nafaka inapokutwa imemwagika yote, au haijaguswa, au imeguswa na wageni wasiotakiwa, huku mtoto aliyeahidiwa ndege akitaka kuelezwa wako wapi.

Dalili zinazofuata ni zile tulizokutana nazo nyumbani kwetu Tanga, penye watoto watatu, mwembe mmoja na kuku wachache. Kabla ya kurekebisha chochote, angalieni kwanza ardhi iliyo chini ya kilishio, ukingo wake na kinyesi kilichodondoka, kwa sababu majibu mengi yako hapo. Kisha badilisheni jambo moja tu na kusubiri siku tatu. Mzazi anayehamisha kilishio, kubadilisha nafaka na kupanua matundu kwa siku moja hatajua ni lipi lililofaa, na mtoto aliye pembeni yake hatakuwa amejifunza kitu isipokuwa kuhangaika.

Kilishio kimejaa na hakuna ndege anayekuja

Hakikisheni kwanza kwamba kimejaa kweli. Mwaka wa kwanza tuliweka mpunga katika kifuu, na binti yetu wa miaka 6 akaja siku tatu mfululizo kutuarifu kwamba ndege hawaupendi, maana kifuu kilikuwa kimejaa vilevile. Siku ya nne nilikishusha, nikamimina vilivyomo kwenye ungo na kumwambia apulize. Karibu vyote viliruka na kutua kwenye sketi yake, vikabaki punje kumi na kitu. Shomoro na mnana huubambua mpunga kwa mdomo, hula kiini na kuliacha ganda likiwa na umbo lake, hivyo kwa mbali makapi yanaonekana kama mpunga mzima. Alizeti ni hivyohivyo. Makapi yakizidi huifunika nafaka nzima iliyobaki chini, na ndege hapo huacha kuja kwa sababu ya haki kabisa. Tangu siku hiyo kupuliza makapi kila asubuhi ni kazi ya mtoto mdogo kuliko wote, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya.

Ikiwa nafaka ni nzima na bado hakuna anayekuja, sababu ya kwanza ni ugeni wa chombo. Ndege huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kuzoea kitu kipya kinachoning'inia mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Nyunyizeni punje chache ardhini chini ya kilishio ili wa kwanza waanze kuokota hapo. Sababu ya pili ni mahali. Kilishio kilichotundikwa peupe, mbali na mti au kichaka, humfanya ndege mdogo awe wazi kwa kipanga, na ndege hula pale tu anapoona pa kukimbilia. Sababu ya tatu ni watoto wenyewe, ambao hukaa chini ya mwembe wakisubiri huku wakizozana nani kasogea mbele. Wahamishieni ndani, nyuma ya pazia la dirisha lililo kando kidogo.

Msimu nao una neno. Baada ya mvua za masika nyasi zote huwa zimezaa mbegu na ndege hawana haja na mpunga wa mtu, ilhali kiangazi kinapokolea hali hubadilika. Kilishio kisichopata mgeni mwezi wa sita huenda kikagombewa mwezi wa kumi bila kubadilishwa chochote.

Mwisho, fikirini ni ndege gani mnaowasubiri. Watoto wetu walimtaka chozi, yule mdogo mwenye mng'ao na mdomo mrefu uliopinda, nao wakamwekea ulezi. Chozi hunyonya maji matamu ya maua na kula wadudu, wala hana shughuli na nafaka; anayemtaka apande maua. Shorewanda hupenda matunda, na nusu ya papai lililoiva likichomekwa kwenye kijiti cha mti humleta upesi kuliko nafaka yoyote. Tetere hula nafaka, lakini amezoea kuokota ardhini au mahali palipo bapa, hivyo hupata taabu kushika kijiti chembamba cha chupa. Yeye awekewe sinia la zamani juu ya kigogo.

Wanaokuja ni kunguru peke yao

Kwa mji wa pwani hili ndilo lalamiko kubwa. Kunguru wa mjini mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, naye akasambaa pwani nzima. Hula kila kitu, yakiwemo mayai na makinda ya ndege wadogo, kwa hiyo kilishio kinachomlisha kunguru huwadhuru walewale tuliotaka kuwasaidia.

Chunguzeni mmeweka nini. Mara nyingi mtu mzima ametengeneza kilishio vizuri, kisha mtoto kwa ukarimu wake akaongeza kipande cha andazi, ugali wa jana au kichwa cha dagaa. Hayo ndiyo yaliyomwita kunguru, nafaka ndogo haimvutii sana. Ondoeni makombo yote, na waelezeni watoto kwamba chakula chenye chumvi, kama pilau au viazi vya kukaanga, hakiwafai ndege wadogo hata kidogo, na kwamba mkate huwajaza tumbo bila kuwapa nguvu. Kisha wekeni nafaka ndogo peke yake: ulezi, mtama, uwele au chenga za mchele.

Kunguru akiendelea, mbadilishieni kiti. Kijiti cha kusimamia kikikatwa kibaki urefu wa kidole gumba hivi, shomoro anatosha na kunguru hatoshi. Vilevile kilishio chepesi kinachoning'inia kwa kamba moja huyumba kunguru anapotua, naye hapendi kuyumbishwa. Msijaribu kumtisha kwa mawe. Kunguru atarudi tu, na mtoto aliyezoea kurusha mawe haachi.

Nafaka inamwagika yote kabla ya jioni

Katika kilishio cha chupa, kosa huwa kwenye tundu. Kijiti au mwiko mdogo wa mbao hupitishwa upande mmoja wa chupa na kutokea wa pili, na juu yake hutobolewa tundu ambalo ndege ataingiza mdomo. Mtoto akipewa mkasi hufungua dirisha, na mtama unashuka kama mchanga. Kwa mtama, tundu lisizidi unene wa penseli, yaani milimita 7 hivi, nalo liwe juu ya kijiti kwa upana wa vidole viwili. Kwa ulezi, ambao punje zake ni ndogo sana, nusu ya hapo inatosha. Tundu likishapanuka msitupe chupa. Zibeni kwa utepe kwa nje, toboeni jingine upande wa pili, na wekeni nafaka kubwa zaidi.

Kutoboa ni kazi ya mtu mzima. Msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo hutoa tundu safi lisilo na ncha za kukwaruza, lakini hutoa pia moshi mbaya wa plastiki, hivyo fanyeni nje, upande upepo unakotoka. Watoto waweke alama kwa kalamu mahali pa matundu, na hiyo si kazi ya kuwazuga, kwa sababu vijiti visipolingana pande zote mbili chupa itainama na kumwaga.

Ikiwa matundu ni sawa na nafaka bado inamwagika, tazameni inavyoanguka. Mwago uliotawanyika upande mmoja ni wa upepo, na tiba yake ni kujaza chupa hadi nusu na kuweka kokoto safi chache chini ya tundu la chini kabisa ili iwe nzito. Mwago ulio katika rundo moja, wenye mbegu za aina moja tu, ni wa ndege anayechagua: mmechanganya alizeti na mtama, naye anautupa mtama ili aifikie alizeti. Acheni mchanganyiko.

Nafaka imeshikana, imeota au inanuka

Hili lisichukuliwe kwa wepesi. Nafaka iliyolowa katika joto la pwani hupata ukungu kwa siku mbili tatu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu waliokula mahindi yaliyochafuliwa Dodoma na Manyara mwaka 2016. Huua ndege pia. Nafaka yenye ukungu hupelekwa shimoni. Haianikwi ikarudishwa, na kosa lililo kubwa zaidi, ambalo nimeliona kwa watu wenye akili zao timamu, ni kuwamwagia kuku ili isiharibike bure.

Sababu ni mbili, maji kuingia au maji kukosa pa kutokea. Kifuu kitobolewe tundu tatu nne ndogo chini. Kati ya macho matatu ya nazi, moja ni laini, na mtoto wa miaka 8 anaweza kulifungua kwa kijiti kigumu bila moto wala kisu. Ni vizuri aachiwe alitafute mwenyewe. Chupa nayo itobolewe chini kwa sindano nene. Kwa kuzuia maji kuingia, kifuu cha pili kikifungwa juu kama paa, kwenye kamba zilezile, hutosha kwa mvua za kawaida. Kumbukeni pia kwamba upande wenye usalama hubadilika: pembe ya baraza iliyokuwa kavu wakati wa kaskazi hupigwa na mvua mara kusi inapoanza kuvuma mwezi wa nne. Sisi huhamisha kilishio mara mbili kwa mwaka, na masika yakikaza hukiingiza ndani.

Kwa vifuu kuna chanzo cha tatu, nacho ni nyama ya nazi iliyobaki. Nazi ikunwe mpaka kifuu kiwe kikavu, kisha kianikwe juani siku mbili. Mabaki huchacha, na harufu yake huita sisimizi na panya. Machicha nayo yasiwekwe kilishioni: yakiwa mabichi huchacha, yakikauka huweza kuvimba tumboni mwa ndege mdogo anapokunywa maji.

Sisimizi, panya na paka

Sisimizi hupita kwenye kamba. Watu hupaka kamba grisi au mafuta ya kupikia, jambo ambalo silishauri, kwa kuwa mafuta yakigusa manyoya ya ndege huyaharibu. Kata sehemu ya chini ya chupa ndogo ipate umbo la kikombe, pitisha waya katikati, ziba kwa nta ya mshumaa, kisha jaza maji na uning'inize kilishio chini yake. Sisimizi wakifika majini hurudi. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili, ama sivyo mtakuwa mmeanzisha mazalia ya mbu mkiwa mnafukuza sisimizi.

Panya huja usiku kwa kilichoanguka. Chini pafagiwe kabla ya magharibi, na kilishio kilale ndani. Paka naye huvizia, na dalili yake ni manyoya yaliyotawanyika asubuhi. Inueni kilishio juu kuliko kimo cha mtu, kikae hatua mbili tatu mbali na kichaka au ukuta ambao paka anaweza kujibanza. Ndege abaki na pa kukimbilia, paka akose pa kurukia. Na ikiwa ndege wanagonga kioo, kisogezeni karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, wasipate nafasi ya kushika kasi, au kipelekeni mbali zaidi ya mita kumi.

Kilishio cha siagi ya karanga kinayeyuka

Maelezo mengi ya intaneti huelekeza tunda kavu la msonobari lipakwe siagi ya karanga au mafuta ya nyama, kisha liviringishwe kwenye mbegu. Yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali, ambako mafuta huganda na ndege huyahitaji ili apate joto usiku. Tanga mwezi wa pili, siagi hiyo inatiririka kabla ya saa nne asubuhi, mbegu zinadondoka, na kinachobaki ni mafuta yanayoweza kumganda ndege kifuani. Hakuna marekebisho ya kuifanya igande, acheni tu. Wenye watoto wanaopenda kuchafua mikono wafunge masuke mazima ya mtama au uwele kwa kamba ya katani na kuyatundika kichwa chini. Ndege hula vizuri sana hapo, na hakuna chombo cha kuosha. Msitumie nailoni nyembamba, kwani humnasa ndege miguu.

Rangi nayo iwe nje tu, isiguse panapokaa nafaka, na ikauke siku kadhaa kabla ya kutundikwa. Mwanangu wa kiume alipaka kifuu rangi ndani na nje kwa bidii ya kutisha, tukakigeuza kuwa chungu cha maua.

Ndege amejikunyata na haondoki

Ndege mzima humkimbia mtu. Akibaki chini ya kilishio akiwa ametutumua manyoya, macho yamevimba au ana vinundu usoni, ni mgonjwa, na mkusanyiko wa kilishioni ndio unaoeneza ugonjwa. Hapa hakuna kujaribu jambo moja moja. Shusheni vilishio vyote kwa wiki mbili, viosheni kwa sabuni, vilowekeni dakika kumi katika maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, suuzeni na mvianike juani. Dawa ishikwe na mtu mzima. Mtoto asimguse ndege huyo, hata kwa huruma.

Wanaofuga kuku wana sababu ya ziada. Ndege wa porini ni miongoni mwa wanaoweza kuingiza mdondo, ugonjwa unaoua kuku, bandani, kwa hiyo kilishio kikae upande mwingine wa nyumba, na nafaka iliyoanguka isiwe mahali kuku wanapochakura. Hata bila ugonjwa, kilishio kioshwe kila wiki, na mikono ioshwe kila kinapoguswa.

Ndege wameacha kuja ghafla

Ikiwa walikuwa wengi na wakatoweka siku moja, na nafaka ni nzuri, ulizeni mtaani. Kwetu sababu ilikuwa manati. Watoto wa jirani waligundua mahali ambapo shomoro ishirini hukusanyika saa moja asubuhi, na kwao hiyo ilikuwa neema. Kwingine huwa ni ulimbo uliopakwa kwenye tawi la karibu. Kuwagombeza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwaita Jumamosi, kila mmoja atengeneze kilishio chake cha chupa na kukitundika kwao. Aliyekuwa stadi wa manati ndiye aliyetutobolea vifuu vilivyobaki.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekulia Kilombero akiamia mpunga, yaani kufukuza ndege shambani kwa kelele, alisimama siku hiyo akatazama, akasema, "Ndege tuliowaamia hadi sauti zikatukauka, leo ninyi mnawaandalia karamu?" Ana hoja. Kwelea kwelea mmoja, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, hula gramu 10 za nafaka kwa siku, na huja kwa maelfu. Anayeishi kando ya shamba la mpunga au mtama asitundike kilishio kabisa. Aweke bakuli la maji safi kivulini, ndege watakuja kunywa na kuoga, na majirani watabaki majirani.

Kilishio kinafanya kazi, watoto wamekichoka

Hii hutokea wiki ya tatu. Chanzo chake ni kwamba kila kazi imeshikwa na mzazi, na mtoto amebaki mtazamaji. Kwetu mdogo anapuliza makapi, wa kati anabadilisha maji ya sisimizi, na mkubwa, mwenye miaka 11, ana daftari lenye safu nne: tarehe, saa, ndege aliyekuja, nafaka aliyokula. Wasiyemjua jina humpa la kwao hadi watakapolipata la kweli. Kwa miezi miwili daftari hilo lilikuwa na ndege aitwaye "Bwana Kilemba", mwenye kishungi, ambaye baadaye shangazi yao alimtambua kuwa ni kuzumburu, naye mdogo wetu akakataa kata kata kulifuta jina la kwanza.